Arobaini ya Karavani Namba Tisa

Mtoto aliingia duniani Jumanne asubuhi, wiki tatu kabla ya siku aliyoandikiwa na daktari, na mtu wa mwisho kulikubali jambo hilo alikuwa babu yake.

"Haiwezekani," alisema Saeed, simu bado iko sikioni. "Tarehe ni tatu Februari."

"Mwambie yeye," alijibu mkewe, Bi Zakiya, huku akilitafuta buibui lake chini ya kitanda cha kukunja. "Mwambie arudi alikotoka, ashike foleni."

Saeed hakucheka. Alikuwa amekaa miaka thelathini na moja katika idara moja ya serikali, na katika miaka yote hiyo hakutokea mtu aliyemjia kabla ya miadi akapokewa. Hesabu yake ilikuwa imenyooka kama rula. Nyumba yao ya mjini, mtaa wa Ghubra, vyumba saba, ilikuwa imepangishwa mpaka mwisho wa Januari. Tarehe mosi Februari wapangaji watoke, tarehe pili nyumba ifagiliwe na kufukizwa ubani, tarehe tatu binti yao Raghad azae. Kisha Raghad aletwe kwa mamake akae arobaini yake ya uzazi, anywe uji wa pilipili manga, afungwe mkaja wa tumbo, alale. Bi Zakiya alikaa arobaini kwa mama yake, na mama yake kwa bibi yake, na katika ukoo wote hakujakuwa na binti aliyezaa mtoto wa kwanza akalelewa kwa mkwe.

"Sasa tunamweka wapi?" aliuliza Bi Zakiya.

Saeed alitazama huku na huku, kana kwamba chumba kimoja kati ya vile saba huenda kimewafuata. Karavani waliyohamia ilikuwa na urefu wa hatua tisa. Mlangoni palikuwa na meza inayokunjwa, katikati jiko la gesi la mafiga mawili, na mwisho kabisa, nyuma ya pazia la maua, kitanda ambacho mtu hawezi kugeuka bila ya kumjulisha mwenzake.

"Mwambie Raghad nyumba inapakwa rangi," alisema.

"Nishamwambia hivyo tangu Novemba."

"Basi mwambie haijakauka."

*

Kambi yao ya karavani ilikuwa ufukweni, nje kidogo ya mji, mwendo wa nusu saa kwa gari. Karavani kumi na nne zilisimama mistari miwili, kila moja na kipande chake cha majani ya plastiki, viti vyake vinne na taa zake za jua. Wenyewe walikuwa wastaafu wa Kiomani wanaosema Kiswahili, wengine asili yao Unguja, wengine bara, na walikuja kila Novemba kula shita, maana yake kuufaidi msimu wa baridi. Baridi yenyewe ikishuka kidogo tu walivaa sweta za sufi na kuulizana asubuhi, kwa nyuso za huzuni, usiku umekwendaje.

Tatizo ni kwamba wote walikuwa wakubwa. Kila mwanamume alikuwa amewahi kuwa mudir, yaani mkurugenzi, wa kitu fulani, na kumi na nne wote walitia neno hilo kwenye kibao cha mlangoni. Mahali penye wakubwa kumi na nne na hakuna mdogo hata mmoja hapana budi ifanyike kamati, na wao waliiita lajna. Mwenyekiti alikuwa Thani, mtu wa asili ya Mwanza, mwenye sauti ya mtu anayesoma tangazo. Katibu alikuwa Loay, aliyestaafu pamoja na muhuri wake. Kanuni zilikuwa kurasa kumi na moja, na zimeandikwa kwa Kiswahili, kwa sababu Thani alisema Kiarabu ni cha kazini na yeye kazi ameacha. Kifungu cha nne: mgeni halali zaidi ya siku tatu bila ya ruhusa ya maandishi.

Bi Zakiya aliwahi kuuliza kwa nini watu waliokimbia ofisi wamejenga ofisi nyingine mchangani. Saeed alimjibu kwamba yeye hafahamu utawala.

*

Hospitalini, Bi Zakiya alimkuta mkwe wake kashatangulia. Bi Muhsina, mama wa Bader mume wa Raghad, alikuwa amekaa kwenye kiti cha karibu na kitanda, mkoba mapajani, kama mtu aliyelipia kiti. Yeye kwao ni Tabora, na nyumba yake ya Qurum ilikuwa na ngazi mbili za kupandia ghorofani, moja ya watu na moja ya wageni.

"Mkwe wangu, pole na safari," alisema Bi Muhsina. "Huko ufukweni ni mbali, jamani."

"Si mbali. Nusu saa."

"Aa. Mimi dakika saba."

Bi Zakiya alimbusu binti yake, akamfunua mtoto. Alikuwa mdogo mno, mwekundu, na ngumi zake zimefungwa kama anayeficha kitu. Kilo mbili na robo. Bi Zakiya alimwekea kidole kwenye kiganja, na mtoto akakishika. Kwa muda akasahau rangi, na nyumba, na Qurum.

"Nimeshamtayarishia chumba," alisema Bi Muhsina. "Kina choo chake. Mtoto tayari ana kitanda. Nawe uje umtazame, usione haya."

"Binti hukaa arobaini kwa mama yake, mkwe."

"Ndiyo, lakini mama awe na nyumba. Si umesema inapakwa rangi? Harufu ya rangi itamuua mtoto. Na hivi ni rangi gani hiyo, miezi miwili haikauki?"

"Ya mafuta," alisema Bi Zakiya.

Raghad alifumbua macho. "Mama, nichukue tu," alisema taratibu. "Popote."

Ndivyo ilivyoamuliwa. Bi Zakiya alitangaza kwamba daktari mmoja, hakumtaja, amesema hewa ya bahari ni dawa ya mzazi. Bi Muhsina aliuchukua mkoba wake. Alisema atakuja Ijumaa baada ya alasiri kuiangalia hiyo hewa.

*

Ikabaki ruhusa.

"Andika binti yangu kajifungua, naomba akae siku arobaini," alisema Bi Zakiya. "Mstari mmoja."

Saeed aliweka kalamu chini. "Nimwandikie Thani habari za tumbo la mwanangu? Zisomwe mbele ya wanaume kumi na tatu?"

"Wote wana watoto. Waliwaokota wapi?"

"Na wakijua kazaa, Zakiya, swali la kwanza ni lipi? Watauliza kwa nini hukumpeleka kwako Ghubra. Utasema nini?"

Hapo Bi Zakiya alimrudishia kalamu, maana kila jioni alikuwa akimsikia mumewe pale kwenye viti vya plastiki akiisifu ile nyumba: dari yake, ukumbi wake, vyumba vyake saba vilivyofungwa vinapumzika. Hakuna aliyejua kwamba kodi ya vyumba hivyo ndiyo iliyonunua karavani.

Saeed aliandika mpaka chai ikapoa. Barua ilipokwisha aliisoma kwa sauti, mkono mmoja kifuani. "Kwa heshima na taadhima, naiarifu Lajna tukufu kwamba familia yangu imefikwa na arobaini. Hivyo naomba ruhusa ya kuikalia hapa katika karavani namba tisa mpaka itimie. Kwa kuwa ni jambo la ndani, naomba nisiulizwe zaidi."

"Imefikwa?" alisema Bi Zakiya.

"Ni lugha ya kiofisi."

Jawabu lilirudi kabla ya adhuhuri, na muhuri wake, kwenye simu. Imekubaliwa. Lajna iko pamoja nanyi. Mwenyezi Mungu awape subira.

"Subira ya kuamka usiku," alieleza Saeed, ameridhika. "Thani ana utu, ukimjua."

Bader alimleta mkewe Alhamisi baada ya magharibi, akawaweka, akarudi mjini. Pazia la maua lilifungwa, kwani mzazi haangaliwi ovyo, na jenereta ikawashwa. Bi Zakiya aliona jirani upande wa kulia anazima redio. Wa kushoto aliwakataza wajukuu wake wasicheze mpira. Wanaume waliopita mbele ya karavani namba tisa walipita wameinamisha vichwa. Alisikia joto moyoni. Alikuwa amewadhania vibaya watu hawa. Kumbe wanaheshimu uzazi.

*

Ijumaa baada ya sala alikuja Ibtihal, mke wa Thani, na chupa ya kahawa na sahani ya tende iliyofunikwa. Siku zote huja na bangili zinalia kutoka mbali. Siku hiyo mikono ilikuwa mitupu. Alimkumbatia Bi Zakiya pale kwenye kidaraja cha mlango, asimwachie.

"Tumepata habari, dada yangu. Jana tukasema tusikusumbue."

"Ahsante. Mmefanya vyema."

"Aliumwa sana?"

"Saa kumi na moja nzima, wallahi, kahesabu mwenyewe. Lakini alhamdulillahi, yamekwisha."

"Alhamdulillahi kwa kila hali. Kapumzika."

"Kapumzika. Yuko ndani, kalala."

Ibtihal alilegeza mikono. Alitazama pazia la maua juu ya bega la mwenzake.

"Ndani humu?"

"Sasa angekuwa wapi? Mkwe wangu alitaka kumchukua, nimemkatalia. Arobaini yote nnakaa naye mwenyewe. Hapana mtu wa kunigusia mwanangu."

"Siku arobaini," alisema Ibtihal. Sauti ilikuwa imekwenda mbali. "Na joto hili la mchana."

"Nimetia kiyoyozi. Sizimi."

Ibtihal aliweka sahani juu ya kidaraja. Akaondoka bila ya kuaga, kwanza polepole, halafu akakaza mwendo, halafu akashika buibui kwa mikono miwili. Bi Zakiya alimsindikiza kwa macho. Ajabu ya mwanamke, alijiambia, haulizi hata kama ni wa kike au wa kiume.

*

Alasiri walikuja wanaume sita, kanzu zimenyooshwa, Thani mbele na Loay nyuma yake na faili. Ibtihal na wanawake wawili wengine walisimama mbali. Saeed alitoka na tabasamu lake la kupokea pongezi.

"Bwana Saeed," alisema Thani, "sote hapa tuna watoto. Uchungu ulio nao tunaujua. Lakini dini ni dini. Maiti hawekwi."

Tabasamu la Saeed lilibaki pale pale, halina kazi. "Maiti gani?"

"Ruhusa tumekupa ya arobaini. Tulidhani mtaisoma khitma, mtalisha watu, basi. Hatukukupa ruhusa ya kumweka marehemu ndani ya karavani siku arobaini kwa kiyoyozi."

"Haimo," alisema Loay, akiligonga faili.

"Azikwe leo kabla ya magharibi. Gari tumeshapata. Kuosha, wanawake wapo."

Hakuna aliyekuwa ameliona gari la Bi Muhsina likisimama. Alikuwa keshashuka, sufuria la supu ya pweza limefungwa kwa kitambaa mikononi mwake, na neno alilolikuta ni kuosha.

"Kafa nani?" aliuliza.

Wanaume walitazama chini. Bi Muhsina alimwangalia mmoja, akamwangalia wa pili. Uso wake wote, ule uso wa ngazi mbili, ukaporomoka, akabaki bibi mmoja mnene aliyesimama mchangani hana viatu, kwa kuwa kiatu kimoja kilishazama na kingine alikuwa amekitupa.

"Mjukuu wangu?" alisema. "Zakiya. Ni mjukuu wangu?"

Bi Zakiya alikuwa ametoka na kijiko mkononi. Alielewa yote kwa mara moja: redio, mpira, bangili. Kabla hajafungua mdomo, nyuma ya pazia mtoto alilia. Kilikuwa kilio chembamba, cha hasira, cha mtu aliyeamshwa na kelele za wakubwa.

Mmoja wa wale wanaume alisoma shahada. Loay alikaa chini kwenye majani ya plastiki.

"Kazaliwa Jumanne," alisema Bi Zakiya. "Wa kike. Huyo ndiye arobaini."

"Arobaini ni ya maiti," alisema Thani.

"Kwenu Mwanza. Kwetu Unguja mtu hukaa arobaini na akiwa hai."

Vicheko viwili vitatu vilitoka kwa wanawake. Bi Muhsina alikuwa ameliweka sufuria chini na kujishika kiuno, anapumua. Lakini Thani hakuwa mtu wa kuachwa amesimama na kosa mkononi. Alikohoa.

"Hapo basi ruhusa imebatilika," alisema. "Ilitolewa kwa msingi wa msiba. Msiba haupo."

"Kwa hivyo angekufa angekaa?" aliuliza Bi Muhsina.

"Jambo lenyewe dogo," aliendelea Thani. "Bwana Saeed ana nyumba Ghubra. Vyumba saba, vyote vimefungwa. Ametusimulia mara ngapi? Ampeleke huko, mtoto apate nafasi, na kanuni ibaki kanuni."

"Inapakwa rangi," alisema Saeed.

"Tangu Novemba?" alisema Bi Muhsina.

Macho yote yakamrudia Saeed. Alikuwa akiiweka sawa kofia yake, ambayo ilikuwa sawa. Bi Zakiya alimjua mumewe: sekunde moja zaidi angetaja fundi, angetaja bomba lililopasuka, na yeye mke angelazimika kulilinda bomba hilo mpaka mwisho wa Januari. Uwongo wa kumwokoa alikuwa nao tayari kwenye ulimi. Ndipo mlango ulipofunguka na Raghad akasimama, nywele zimemtimka, mtoto kifuani, mkono mmoja umeshika kizingiti.

"Mama, tunafukuzwa?"

Alikuwa mweupe wa midomo. Bi Zakiya alimtazama binti yake, na bomba likamtoka ulimini.

"Nyumba imepangishwa," alisema. "Wamo watu, na watoto wao, na paka wao. Mpaka mwisho wa mwezi. Tumeipangisha tukanunua bati hili, tukaja kukaa juani tuonekane tunapumzika. Hapana rangi. Haijapakwa rangi hata siku moja."

Saeed aligeuka kuitazama bahari kama kwamba kuna mtu amemwita kutoka huko.

Wa kwanza kusogea alikuwa Ibtihal, kutoka kule nyuma.

"Nyumba yetu anakaa mwanetu na mkewe," alisema. "Sisi tumeachiwa chumba cha juu, pamoja na masanduku. Thani huenda mara moja kwa mwezi, anaoga, anarudi."

"Ibtihal," alisema Thani.

"Nimechoka, Thani."

Loay alianza kuvichunguza viatu vyake kwa makini, asije akaulizwa yeye.

Bi Muhsina aliokota kitambaa chake. Alipopanda kidaraja, Bi Zakiya alijua kinachokuja. Sentensi hii alikuwa akiikimbia tangu Jumanne. "Raghad, mwanangu," alisema Bi Muhsina, "Qurum vyumba vipo. Gari hili hapa." Akaisema bila ya kumtazama Bi Zakiya, na bila ya ushindi wowote, na hilo ndilo lililouma.

Bi Zakiya alisikia jawabu lake likimpanda kooni, la ukoo na la bibi na la binti na mamake. Halafu akamwona mtoto anatafuta titi juu ya kanzu ya kulalia, kichwa kinayumba, na Raghad anabadilisha mguu wa kusimamia. Siku nne walikuwa wakimvutana binti huyu baina ya Qurum na Ghubra na kifungu cha nne. Hapana aliyemuuliza.

"Mama," alimwambia binti yake, "wewe wataka kukaa wapi?"

Raghad alifikiri, au alipumzika tu.

"Mgongo unanikatika," alisema. "Nataka kukandwa. Kwa maji ya moto hasa, si yale ya jana ya vuguvugu. Na unikande wewe, Mama. Wapi, mimi sijali. Hapa nishalala usingizi."

Bi Zakiya alipiga hesabu. Mzazi hakandwi kwa birika moja. Hutakiwa ndoo baada ya ndoo, moto wa kupashia kitambaa, na hita ya karavani ilitoa maji ya kuoshea vikombe tu.

Bi Muhsina alikuwa keshavua buibui, analikunja. Alivuta mikono ya gauni mpaka viwiko.

"Nani hapa ana jiko la gesi?" aliuliza.

"Sote," alisema Loay kutoka kwenye majani.

"Kumi na nne? Basi mnangoja nini, barua?"

Wanaume walitazamana. Loay alilifungua faili, akalifunga, akamuuliza mwenyekiti kwa sauti ya chini, aandike nini. Thani aliitazama karavani namba tisa. Kisha alisema, "Andika arobaini," akakunja kanzu yake hadi magotini, akaenda zake kuelekea karavani namba moja. Waliosimama karibu walisikia sufuria zikigongana huko ndani.

Kabla ya jua kuzama walikuwa wamejipanga mstari kati ya karavani na karavani, mudir na mudir, na ndoo za maji yanayofuka mkononi, kila mmoja anamwambia aliye mbele asimwage. Ndani, Bi Muhsina alishika kichwa cha mtoto na Bi Zakiya alishika mgongo wa Raghad, akabana kitambaa, akakanda, na Raghad akaguna lile guno la mtu anayerudishiwa mwili wake.

Ndoo ya tano ililetwa na Saeed. Aliisukuma mlangoni bila ya kuinua macho.

"Umenivua nguo mbele ya watu," alisema kwa chini.

Bi Zakiya alitia kidole majini. Akaushika mkono wa mumewe, akaubana kidogo, akampa ndoo tupu.

"Haya yamepoa, Saeed. Kalete ya moto."

Saeed aliiweka sawa kofia yake. Kisha akageuka, akaenda mbio, ndoo ikimgonga gotini.